Tuliajiriwa siku moja, yeye yuko daraja F mimi E. Miaka ya kupanda huanza kuhesabiwa wapi?

#1 Chaki ya Nanyamba
Wakuu, salaam. Naomba msaada wa mawazo kwa wanaojua muundo wa walimu, yaani kanuni za madaraja yetu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, shahada, Historia na Kiswahili. Niliajiriwa Aprili 2014. Tulitoka Mbagala basi moja na rafiki yangu wa chuo, tukafika Mtwara usiku, tukalala gesti moja stendi, asubuhi kila mtu akashika njia ya halmashauri yake. Elimu moja, masomo yale yale, tarehe ya kuripoti ile ile. Wote tulianza TGTS D, yaani daraja D kwenye ngazi za mishahara ya walimu.

Mimi nilipanda E tarehe 1 Juni 2021. Mwenzangu alipanda E 2019, na 2023 akapanda F. Wiki iliyopita tumekutana mjini akanionesha slipu yake kwenye simu. Nilimpongeza kwa moyo wote, ni ndugu yangu yule. Lakini nimerudi nyumbani na swali ambalo mkuu wangu wa shule hana jibu lake.

Miaka ya kupanda ni mitatu au minne? Na inahesabiwa kuanzia kuajiriwa, kuthibitishwa, au cheo cha mwisho? Watu wa mwaka mmoja na elimu moja wanaachanaje namna hii?

#2 Msimbati
Mitatu. Tangu cheo cha mwisho. Swali limeisha.

#3 Korosho Ghafi
Minne mkuu #2, usimpoteze mwenzako. Mimi nimepanda juzi tu na nimehesabiwa minne kamili.

#4 Msimbati
Umehesabiwa minne kwa sababu ulicheleweshwa. Kucheleweshwa siyo kanuni.

#5 Mzee wa Tange
Vijana mmeanza vizuri kwa kugombana, sasa tulieni.

Nimefundisha tangu enzi za Tume ya Utumishi wa Walimu iliyoundwa kwa sheria ya 1989. Ikaja kuwa Idara ya Utumishi wa Walimu, TSD, tukakaa nayo miaka, kisha ikarudi kuwa Tume kwa Sheria Namba 25 ya 2015, ikaanza kazi 1 Julai 2016. Katika vipindi vyote hivyo kuna kitu kimoja walimu wamekuwa wakikisoma vibaya: miaka iliyomo kwenye muundo ni ya chini. Ni kipindi kisichopungua. Mleta mada unafundisha Kiswahili, hilo neno ulipime mwenyewe. Kisichopungua mitatu maana yake kabla ya hapo usiulize. Baada ya hapo umeingia kwenye foleni, bado hujafika dirishani.

Ili ufike dirishani vinahitajika vitu vinne kwa pamoja: sifa za muundo (elimu na muda), utendaji mzuri ulioandikwa na kusainiwa, nafasi kwenye ikama ya mwajiri wako (idadi ya watumishi iliyoidhinishwa), na fedha iliyotengwa kwa nafasi hiyo. Kimoja kikikosekana, hata ukiwa na miaka sita utabaki ulipo.

Sisi wa zamani tulizoea mitatu. Baada ya uhakiki wa watumishi wa 2016 nimeona wengi wakihesabiwa minne. Kwa hiyo #2 na #3 kila mmoja anasimulia alichokiona.

#6 Binti Mikindani
Shikamoo Mzee wa Tange. Hilo la ikama ndilo linalonichanganya. Ikama si ya kuajiri? Mimi tayari nimeajiriwa, kupanda kwangu kunahusianaje na ikama?

#7 Mzee wa Tange
Marahaba binti. Kila mwaka halmashauri hupeleka makadirio: tunao walimu kadhaa daraja D, kadhaa E, na mwaka ujao tunaomba wangapi wahame kutoka D kwenda E. Hiyo idadi ikipitishwa ndiyo nafasi. Wakiomba 40 na wenye sifa mko 70, inachukuliwa tange, yaani orodha ya ukubwa kazini, wanahesabu kutoka juu. Wa 41 anabaki.

Sasa ndugu yetu wa #1 na rafiki yake wako halmashauri mbili. Yawezekana kule kwa rafiki yake walioomba waliomba vizuri, au waliokuwa mbele yake kwenye tange walikuwa wachache. Mimi jibu langu ni hilo.

#8 Chaki ya Nanyamba
Ahsante mzee. Kwa hiyo kuna karatasi mahali ina jina langu na namba yangu? Miaka kumi na moja kazini sijawahi kuiona hiyo tange.

#9 Fundi Maabara
Jibu ni rahisi kuliko mnavyolizungusha. Walimu wa sayansi na hisabati wanapandishwa haraka, wa sanaa mnasubiri. Serikali ina upungufu wa sayansi.

#10 Mama Fizikia
Fundi Maabara, sayansi ipi hiyo? Mimi nafundisha Fizikia tangu Mei 2015, peke yangu kwa shule nzima, kidato cha kwanza hadi cha nne. Niko E. Mwenzangu wa Uraia tuliyeajiriwa naye mkupuo mmoja yuko E pia, barua zetu zina tarehe moja. Unachanganya kuajiriwa na kupanda. Wakati ajira zilipobana, sayansi walitangulizwa kuajiriwa, hilo kweli. Kwenye kupanda somo lako haliulizwi. Halafu mleta mada na rafiki yake wote ni wa Historia, hoja yako haigusi hata kesi yenyewe.

#11 Fundi Maabara
Nimekubali Mama Fizikia, nilikuwa nasema nilichosikia stafurumu.

#12 Korosho Ghafi
Stafurumu ndiko tange ya uvumi inakoandaliwa. 😄

#13 Barua Mbili
Naomba nisimulie yangu maana wengi hapa mnaongea kana kwamba kupanda kulianza 2019.

Mimi niliajiriwa 2012, shahada, wilaya moja ya Lindi. Mwanzoni mwa 2016 niliitwa ofisini nikapewa barua ya kupanda E. Naikumbuka ilivyo: karatasi imekunjwa mara tatu, muhuri wa zambarau umekaa nusu juu ya tarehe, na mwishoni inanitaka niandike barua ya kukubali cheo. Niliiandika siku ile ile, kwa mkono, nikiwa nimeegemea kaunta ya masijala. Nikatoa nakala tatu.

Kisha ukaja uhakiki wa watumishi hewa, kupanda kukasimamishwa nchi nzima. Mshahara wangu haukubadilika. Ukafuata uhakiki wa vyeti, ile orodha ya Aprili 2017 ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Mimi vyeti vyangu safi, nikajua sasa zamu yetu. Nilipoulizia nikaambiwa ile barua haina nguvu tena, nisubiri nyingine. Nyingine ilikuja, na tarehe yake ni mpya. Miaka ile kati ya barua ya kwanza na ya pili haikuhesabiwa popote, wala malimbikizo yake sikuyaona.

Ninazo zote mbili kwenye bahasha moja. Ndiyo maana ya jina langu hapa.

#14 Binti Mikindani
Pole sana Barua Mbili. Hii imeniuma.

#15 Msimbati
Lakini si ndiyo walioletewa mserereko? Wale waliochelewa kwa sababu ya uhakiki walirekebishiwa, wakapandishwa bila kusubiri tena miaka yote.

#16 Barua Mbili
Mserereko ulikuja, na ninashukuru, mimi mwenyewe ulinifikia nikavuka kwenda F. Ila mserereko ulikupa cheo ulichotakiwa uwe nacho leo. Haukurudi nyuma kukulipa ulichokosa jana. Na haukuwafikia wote. Shuleni kwangu tulikuwa watano wa 2012, tuliorekebishiwa ni watatu. Wale wawili hadi kesho wanauliza wamekosea wapi.

#17 Mama Fizikia
Labda ndilo jibu la mleta mada. Rafiki yake wa F huenda alipita kwa mserereko.

#18 Chaki ya Nanyamba
Nimempigia sasa hivi kumuuliza. Anasema hajui, barua yake imeandikwa amepandishwa cheo tu, hakuna neno mserereko. Ila amesema kuna siku aliitwa halmashauri kujaza fomu ya historia ya vyeo vyake. Mimi sikuitwa.

#19 Hesabu za Ndanda
Kwa wanaodhani hii ni herufi tu, nipige hesabu. Kwa viwango vya kabla ya nyongeza ya 2022, TGTS D1 ilikuwa 716,000 na E1 ilikuwa 940,000. Tofauti 224,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mleta mada alitanguliwa E kwa miaka miwili hivi. Miezi 24 mara 224,000 ni 5,376,000. Toa nyongeza ndogo ndogo ambazo huenda alikuwa nazo ndani ya D, bado ni mamilioni. Hizo ni bati za nyumba nzima na mlango wa mbele. Na mafao yanapigiwa hesabu kwenye mshahara wa miaka ya mwishoni, kwa hiyo anayechelewa ujanani anachelewa hadi uzeeni.

#20 Korosho Ghafi
Hesabu za Ndanda, hizo ni gunia ngapi za korosho?

#21 Hesabu za Ndanda
Inategemea mnada wa siku hiyo. Usinitoe kwenye mada, msimu bado.

#22 Aliyesoma Akarudi Nyuma
Nami nina yangu, na nadhani ni mbaya kuliko ya mleta mada, maana yeye alicheleweshwa. Mimi nilijichelewesha kwa kusoma.

Niliajiriwa na stashahada 2010, TGTS C. Nikapanda D 2014. Nikajiunga Chuo Kikuu Huria, kituo cha Mtwara, nikawa nasoma usiku na kufanya mitihani wakati wa likizo. Nauli, ada, vitabu, vyote mfukoni mwangu. Nikahitimu 2017. Nikapeleka cheti ili nibadilishiwe muundo, niingie kundi la wenye shahada. Barua ilitoka 2021.

Shahada inaanzia D. Mimi nilikuwa D tayari. Kwa hiyo nilitoka D nikaenda D. Mshahara haukuongezeka hata shilingi, na saa ya kupanda ikaanza upya 2021. Kuna mwenzangu wa stashahada tuliyeripoti naye, hakwenda kusoma popote, jioni alikuwa anakaa chini ya mwembe wa shule anacheza bao. Alipanda E kabla yangu.

Sasa wanafunzi wangu wanaponiuliza faida ya kusoma nawajibu vizuri, maana naiamini elimu. Lakini moyoni nina deni na mtu.

#23 Mzee wa Tange
Mwalimu, pole. Hii kesi nimeiona mara nyingi na inauma kwa sababu hakuna aliyevunja kanuni. Kila elimu ina ngazi yake ya kuanzia na kikomo chake. Ukibadilisha elimu unabadilisha ngazi, na ngazi mpya inakuhesabu mgeni. Kama ungekuwa E wakati unabadilishiwa, wangekushusha cheo hadi D na kukuachia mshahara binafsi, yaani unabaki na mshahara wako wa zamani usipungue, mpaka cheo kiufikie.

Faida yake iko mbele. Kikomo cha stashahada kiko chini ya cha shahada. Yule wa bao atafika mahali atasimama, wewe utampita.

#24 Aliyesoma Akarudi Nyuma
Nimekuelewa mzee. Ila nina miaka 47. Hiyo mbele ni miaka mingapi?

#25 Liwale Mvua
Mimi nadhani kosa la #22 ni miaka minne kati ya cheti na barua, 2017 hadi 2021. Muundo haukuchelewesha pale, ofisi ilichelewesha. Je, ulikuwa na kibali cha mwajiri cha kwenda masomoni?

#26 Aliyesoma Akarudi Nyuma
Niliomba. Nilijibiwa kwa mdomo. Wakati wa kubadilishiwa wakataka karatasi.

#27 Liwale Mvua
Basi hapo ndipo. Wadogo zetu mnaosoma uzi huu, mkiomba ruhusa ya masomo msikubali kujibiwa kwa mdomo. Mtu aliyekuruhusu anahama, karatasi inabaki.

#28 Walimu wa Leseni
Mmenikumbusha mbali. Sisi tuliitwa voda fasta. Tulitoka kidato cha sita, tukafundishwa wiki chache, tukapelekwa shule za kata wakati wa MMES, ule mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari, ambako hakukuwa na mwalimu mwingine. Nilifundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja, mlango ukiwa wazi katikati. Baadaye nikaenda chuo, Mtwara Kawaida, nikapata stashahada. Miaka yangu ya leseni haikuingia kwenye kupanda, nilihesabiwa kuanzia ajira ya ualimu kamili. Nakubali kwamba sikuwa na sifa. Lakini kazi nilifanya, na kuna watoto wa darasa lile ni madaktari.

#29 Msimbati
Heshima kwako #28. Voda fasta mmoja ndiye aliyenifundisha Jiografia hadi leo naikumbuka.

#30 Daftari la Utendaji
Mbona hakuna anayegusa tathmini? Zamani fomu za OPRAS, sasa mfumo wa mtandaoni wa PEPMIS. Maafisa utumishi wengi wanasema wazi: asiye na tathmini kwenye mfumo asitegemee kupanda. Na mleta mada, usiudhike, wangapi kati yetu tulijaza OPRAS kila mwaka, tukafanya mapitio ya nusu mwaka, tukasainiwa na mkuu wa shule, na nakala ikafika kwenye jalada? Tulikuwa tunajaza zote kwa siku moja tukisikia kuna kupanda.

Kwa mawazo yangu huyu rafiki wa F ni mtu wa karatasi. Kuna walimu wa namna hiyo.

#31 Mama Fizikia
OPRAS nilikuwa najaza. PEPMIS ndiyo inayonishinda, na siyo kwa uvivu. Shuleni kwetu mtandao unapatikana sehemu moja, nyuma ya maabara, chini ya mkorosho wa pili kutoka kwenye uzio. Saa kumi jioni utatukuta pale walimu sita tumenyanyua simu. Unaingiza jukumu, unasubiri duara lizunguke, linazunguka, linakutoa nje. Unaanza nywila upya. Kisha bado msimamizi wako aidhinishe, naye ni mkuu wa shule, naye yuko chini ya mkorosho ule ule anapigania duara lake. Mwezi Machi mvua ikinyesha hakuna anayekwenda pale.

Mwalimu wa mjini anajaza akiwa kitandani. Tukija kupimwa kwa mfumo mmoja, huo upimaji una haki gani?

#32 Daftari la Utendaji
Hoja yako ya mtandao naikubali. Ila mleta mada alikosa kupanda 2019, PEPMIS haikuwepo. Tumuulize OPRAS zake.

#33 Nangurukuru
Na barabara nazo. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na maji yakakata barabara pale Somanga, mimi nilikuwa na nyaraka zangu nazipeleka Dodoma kwa mkono. Basi liligeuza. Tulilala Kilwa, watu wamekaa juu ya mizigo, mama mmoja anagawa mihogo ya kuchemsha kwa watoto wasiokuwa wake. Nilirudi nyumbani na bahasha ile ile. Niliporudi tena baada ya wiki kadhaa niliambiwa dirisha limefungwa.

#34 Korosho Ghafi
Somanga ile niliishuhudia. Ila mkuu, kwa nini upeleke Dodoma? Kupanda kunaanzia wilayani.

#35 Nangurukuru
Kwa sababu wilayani niliambiwa faili langu liko Dodoma, na Dodoma kwa simu waliniambia liko wilayani.

#36 Mzee wa Tange
Nangurukuru amegusa kitu kikubwa. Mwalimu ana majalada mawili. Moja liko halmashauri kwa mwajiri, ambako mshahara, ikama na bajeti hutoka. Jingine liko ofisi ya Tume ya wilaya, ambako uthibitisho, cheo na nidhamu hushughulikiwa. Karatasi ikiingia moja isiingie jingine, wewe ni watu wawili tofauti. Na kwa walimu wa sekondari waliokuwepo kabla ya 2009, sekondari ziliposhushwa halmashauri, kuna karatasi zilizobaki njiani. Nimeona jalada la mwalimu wa miaka 20 lina vipande vinne.

#37 Binti Mikindani
Nami nimehama, Lindi kuja Mtwara, nimemfuata mume. Je nimepoteza?

#38 Liwale Mvua
Cheo hujapoteza. Nafasi yako ya mwaka ule ndiyo inapotea. Bajeti ya kukupandisha iliombwa na halmashauri ya zamani, wewe umeshaondoka. Mpya haikukuombea kwa sababu hukuwepo walipokuwa wanaandaa. Unaangukia katikati. Mke wangu yalimkuta.

#39 Hesabu za Ndanda
Hapo sikubaliani. Mimi nilihama 2022 na nikapanda mwaka ule ule, huku huku nilikohamia.

#40 Liwale Mvua
Ulihama mwezi gani?

#41 Hesabu za Ndanda
Julai.

#42 Liwale Mvua
Mwanzo wa mwaka wa fedha. Mke wangu alihama Februari. Huenda tofauti ndiyo hiyo.

#43 Hesabu za Ndanda
Huenda. Ila bajeti ya Julai inaandaliwa miezi mingi nyuma, kwa hiyo hesabu yako bado haijakaa sawa.

#44 Sanaa Kushushwa
Kuna na sisi tuliotolewa sekondari kwenda msingi miaka ile walimu wa sanaa tulipoonekana tumezidi. Muundo ni ule ule, mshahara ule ule. Lakini nilihama idara, nikawa mdogo kwenye orodha mpya. Nilisubiri kuliko niliowaacha sekondari. Mleta mada, uliwahi kuguswa na zoezi lile?

#45 Chaki ya Nanyamba
Hapana, sijawahi kuhama hata shule.

#46 Kimya Kingi
Wote mnazunguka. Wanaopandishwa ni wenye watu wao. Basi.

#47 Mama Fizikia
Kimya Kingi, kama una jambo ulilolishuhudia peleka panapohusika. Kama huna, usimchafue rafiki wa mleta mada, kijana wa watu ambaye hata hayumo humu kujitetea.

#48 Kimya Kingi
Sijamtaja yeye. Nimesema kwa ujumla. Lakini nimekusikia.

#49 Msimbati
Chama cha walimu nacho kinafanya nini? Kila mwezi asilimia 2 inakatwa.

#50 Korosho Ghafi
Huo ni uzi wa kurasa mia, tusiufungue humu.

#51 Chaki ya Nanyamba
MREJESHO.

Wakuu, jana nimekwenda ofisi ya Tume ya wilaya. Niliomba ruhusa kwa mkuu, nikaondoka na bodaboda saa kumi na moja alfajiri, nikafika mlango haujafunguliwa. Nikanunua ming'oko kwa mama mmoja pale nje, nikakaa kwenye msingi wa jengo nikasubiri.

Niseme ukweli, nilipokelewa vizuri. Dada wa ofisini alivuta jalada langu, la rangi ya kaki, limechanika pembeni limeshonwa kwa uzi mweupe. Akalifungua mbele yangu karatasi moja moja. Barua ya ajira ipo. Vyeti vipo. OPRAS ziko mbili tu, 2015/16 na 2017/18. Nyingine nilijaza, naapa, na mkuu wa shule wa wakati ule alisaini. Hazimo. Barua ya kupanda E ipo.

Kisha akafika kwenye barua ya kuthibitishwa kazini. Majaribio ni miezi kumi na miwili, kwa hiyo mimi niliyeajiriwa Aprili 2014 nilitakiwa kuthibitishwa Aprili 2015. Barua yangu ina tarehe ya Februari 2016. Fomu yangu ilichelewa kutoka shuleni, na sikuwahi kuitazama hiyo tarehe miaka yote hii. Dada akaniambia, kaka, pengine hapa ndipo ulipoachwa, wenzako walipohesabiwa wewe ulionekana mchanga.

Nilitoka pale nimepata jibu, na moyo umetulia kidogo. Nikampigia rafiki yangu nikiwa bado kwenye bodaboda, nikamwambia atazame barua yake ya kuthibitishwa. Jioni amenitumia picha.

Yake ni ya Machi 2016. Baada ya yangu.

#52 Mama Fizikia
Subhanallah.

#53 Daftari la Utendaji
OPRAS zake zote zilikuwemo?

#54 Chaki ya Nanyamba
Anasema alijaza tatu. Kama zimefika kwenye jalada hajui.

#55 Mzee wa Tange
Basi narudi kwangu pale pale, ikama. Halmashauri yako mwaka 2019 iliomba nafasi ngapi za E? Hilo swali uliliuliza?

#56 Chaki ya Nanyamba
Niliuliza. Akasema hilo liko halmashauri kwa afisa utumishi, siyo kwao. Nikavuka barabara nikaenda. Afisa utumishi yuko safari.

#57 Barua Mbili
Ushauri mmoja kutoka kwa aliyeumia. Usiende tena na mdomo. Andika barua kupitia kwa mkuu wa shule, eleza tarehe zako zote: kuajiriwa, kuthibitishwa, cheo cha mwisho. Ambatisha nakala, omba kujua nafasi yako kwenye tange. Peleka ofisi zote mbili, Tume na halmashauri. Kila unapoacha, gongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Nisingekuwa na zile nakala tatu, leo ningeonekana mzushi.

#58 Aliyesoma Akarudi Nyuma
Na zile OPRAS zilizopotea, mtafute yule mkuu wa shule wa zamani kama bado yuko kazini. Wengine wanabaki na nakala.

#59 Chaki ya Nanyamba
Yuko Masasi, amestaafu mwaka jana. Nitamfuata Jumamosi. Barua nimeanza kuiandika usiku huu, Jumatatu naipeleka kote kuwili.

#60 Binti Mikindani
Jumatatu nami nakwenda halmashauri kwa hili suala la uhamisho. Kama unapitia njia ya Mtwara mjini niambie, twende pamoja, tugawane nauli.